Maneno ya Mzee Lugembe

Asubuhi za Kabula zilianza kwa ufagio. Alifagia ua wa nyumba ya shangazi yake hapo Ipuli, mtaa wa mjini Tabora, akamwagilia mchicha uliopandwa kwenye ndoo mbovu, akanywa chai peke yake akiwa amesimama, kisha akafunga geti kwa kufuli. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, chini ya shati la shule. Mezani aliacha kikombe cha shangazi kimefunikwa kwa sahani. Shangazi Imakulata alikuwa muuguzi, na wiki za zamu ya usiku alirudi nyumbani Kabula akiwa ameshafika shuleni. Jioni walionana nusu saa tu, mmoja akivua viatu na mwingine akivaa.

Nje ya geti, kwenye baraza ya nyumba ya pili, bibi jirani alikuwa ameshatoka na kigoda chake.

"Shikamoo," Kabula alisema, na miguu yake haikusimama. Kama jibu lilikuja, lilimkuta mgongoni.

Haikuwa tabia yake. Kwao Bukene, salamu ilikuwa kazi ya kukalia chini. Mtu alikuambia mwangaluka, ukamjibu, mkaulizana habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe na za mgonjwa wa juzi, na chungu kikaungua jikoni bila mtu kulaumiwa. Lakini wiki ya kwanza ya kidato cha kwanza, Kabula alipojitambulisha darasani, watoto wa mjini waliicheka lafudhi yake, na tangu siku hiyo wakamwita Bukene kana kwamba hakuwa na jina. Akaona heri kufunga mdomo. Alipanda treni kituo cha Bukene kuja kusoma Tabora mwezi wa Januari, na sasa ulikuwa mwezi wa Machi. Katika muda huo wote hakuwa na rafiki hata mmoja, wala mtu wa kumwambia kwamba hana rafiki.

Kilichomwelemea zaidi hakukisema kwa yeyote. Babu yake, Mzee Lugembe, alifariki mwezi wa Novemba, wiki mvua zilipoanza. Alikuwa mrina asali. Tangu Kabula akiwa na miaka sita walikuwa wakienda wote msituni kutundika mizinga, yeye akibeba kibuyu cha maji na babu akibeba vingine vyote, huku akisimulia kila alichokiona. Nyumbani kwa shangazi babu hakutajwa kabisa. Picha yake ilikuwa kabatini, imelazwa chini ya mashuka.

Mwalimu wao wa Kiswahili aliitwa Mwalimu Anselm. Alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti nene, na hakupenda mchezo na kazi yake. Mwezi huo wa Machi aliingia darasani na daftari kubwa lenye jalada gumu, akaliweka mezani.

"Mnaongea Kiswahili tangu mlipozaliwa, lakini maneno mnayotumia ni yaleyale mia tatu," alisema. "Kitu, ile kitu, kile kidude. Fundi ana jina la kila kifaa chake, nyinyi mnaita kidude. Kuanzia leo kila mmoja wenu ataleta neno moja jipya kila Ijumaa. Nitachagua kumi, tutayaandika humu, na Jumatatu nitawauliza."

Darasa likaguna.

"Bado sijamaliza. Neno lisitoke kwenye kamusi wala kwenye simu. Litoke kinywani mwa mtu. Mtu huyo asiwe wa nyumbani kwako, maana maneno ya nyumbani kwako unayo tayari. Uwe umemsalimia, umekaa naye, na amekupa neno hilo wiki hiyohiyo. Kisha andika jina lake na mahali anapoishi. Mji huu misafara ilikutana hapa kutoka pande zote. Wapagazi walibeba pembe na vitambaa kwa ujira, lakini maneno waliyabeba bure, wakayaacha hapa na kuchukua mengine. Nanyi nendeni mkachukue."

Kwa wenzake kazi ilikuwa nyepesi. Walikuwa na majirani, walikuwa na baba wadogo wenye gereji, walikuwa na marafiki wa kutembea nao sokoni. Kabula siku ya kwanza alikwenda hadi kwa fundi wa kuchomelea mageti. Alikuta vijana sita wamemzunguka wanaongea kwa kelele, akasimama kidogo upande wa pili wa barabara, kisha akajifanya alikuwa anapita tu. Siku ya pili hakutoka kabisa. Jioni ya Jumatano alikaa sebuleni akasikia watu wakicheka upande wa pili wa ukuta, kwa bibi jirani. Kulikuwa na sauti ya kizee na sauti ya msichana. Aliwaonea wivu hadi akainuka kwenda kufunga dirisha.

Alhamisi jioni ukurasa wake ulikuwa bado mweupe. Ndipo alipomkumbuka babu akiwa amenyanyua kidole kuelekea tawi la mninga, ambako nyuki walikuwa wameshikana kama kifurushi. "Lile ni bumba," babu alimwambia. "Hao hawana nyumba, wanatafuta. Ndiyo maana leo hawaumi." Kabula akaandika: *Bumba: kundi la nyuki walioshikamana pamoja. Nimepewa na Mzee Lugembe, mrina asali, jirani yetu, Ipuli.*

Aliutazama uongo huo kwa muda mrefu. Neno lilikuwa la kweli, na mtu alikuwa wa kweli. Kilichokuwa cha uongo kilikuwa kidogo tu, ndivyo alivyojiambia.

Siku ya pili yake neno lile likawa la kwanza kati ya kumi. Mwalimu Anselm alimwita mbele alisome na kulieleza mwenyewe, na hakuna aliyecheka. Wakati wa mapumziko msichana mmoja wa mtaa wa Cheyo, jina lake Shamila, alimfuata kumuuliza kama ni kweli nyuki wa bumba hawaumi. Kabula akamweleza. Walizungumza mpaka kengele ilipogonga, na ilikuwa mara ya kwanza kengele ya shule hiyo kumkatiza akiwa anaongea.

Hapo ndipo alipojikuta hawezi kuacha. Wiki ya pili alileta *mbochi*, yale maji matamu ya ndani ya ua ambayo nyuki huyafuata. Wiki ya tatu akaleta *machicha*, makapi yanayobaki masega yakishakamuliwa. Kila wiki neno lake liliingia katika kumi. Wenzake wakaanza kumuuliza, "Bukene, mzee wako amesemaje wiki hii?" na yeye akawajibu. Alisema mzee ana mbwa. Alisema mzee anakunywa uji bila sukari ila kwa asali. Mengi yalikuwa kweli, ila yalikuwa yamekwisha pita, na Kabula aliyasema kana kwamba ni ya jana. Akiwa anayasema alikuwa na furaha kweli. Akishafika nyumbani na kutoa ufunguo shingoni, nyumba ilikuwa kimya kuliko siku iliyotangulia.

Kulikuwa na hofu nyingine. Nyuma ya daftari lake aliorodhesha maneno yote ya babu aliyoyakumbuka ambayo wenzake wasingeyajua. Yalikuwa saba. Kila Alhamisi alikata moja. Wiki ya sita lilibaki neno moja, na Kabula akawaza kwamba akishalikata hilo, babu atakuwa ameisha.

Wiki hiyohiyo Mwalimu Anselm alitangaza Siku ya Maneno. Watu wote waliotoa maneno wangealikwa shuleni wanywe chai, na mmoja wao angekaa kiti cha mbele na kuzungumza na darasa kuhusu kazi yake. "Mchague nyinyi wenyewe," alisema.

Majina mawili yalitajwa. La kwanza lilikuwa la Bi Mwanamkuu, msukaji wa mikeka, ambaye alimpa Shamila neno *ukili*, ule utepe mrefu wa ukindu uliosukwa tayari kuunganishwa kuwa mkeka, na mengine mazuri. La pili lilikuwa la Mzee Lugembe. Siku mbili baadaye mikono ilipohesabiwa, Bi Mwanamkuu alipata kumi na mitatu, na Mzee Lugembe ishirini na minane.

Shamila alishusha mkono wake polepole. "Bibi alikuwa ameshaanza kusuka mkeka mpya wa siku hiyo," alisema, si kwa hasira, na Kabula akatamani sakafu imfunike.

Baada ya kipindi mwalimu alimpa bahasha. Juu yake kwa mwandiko mzuri palikuwa pameandikwa: *Mzee Lugembe, Ipuli, Tabora*.

"Mpelekee kwa mkono wako," alisema. "Mwambie nitafurahi sana kumfahamu."

Kabula alitembea na barua ile hadi nyumbani. Alipita geti lao, akaendelea mpaka mwisho wa mtaa, akageuka. Hakujua anatafuta nini. Labda alitaka tu barua itembezwe, maana tangu babu afariki hakuna aliyekuwa amemwandikia kitu. Bibi jirani alimtazama akienda na akirudi, mikono yake ikiendelea na kazi.

"Umepotelewa na kitu, mwanangu?" aliuliza.

"Hapana, bibi. Shikamoo," Kabula alijibu, akaingia ndani na kufunga geti.

Jumamosi asubuhi Shangazi Imakulata alirudi kutoka zamu akakuta Kabula anafua uani. Hakumwita kama kawaida. Alikuwa mlangoni bado amevaa sare, ameshika bahasha iliyokuwa imeanguka kutoka kwenye daftari mezani.

"Kabula," alisema, "nani amemwandikia baba yangu?"

Sabuni ilimtoka Kabula mkononi. Hakuwa amewahi kufikiri hivyo, kwamba mtu aliyekuwa babu kwake alikuwa baba kwa shangazi. Alianza kueleza akiwa amesimama, akamalizia akiwa amekaa kwenye kizingiti, na shangazi yake amekaa kando yake. Alieleza yote: kazi ya Ijumaa, masharti ya mwalimu, bumba, mbwa, uji wa asali, mikono ishirini na minane. Alieleza hata orodha iliyobaki neno moja.

Shangazi aliigeuza bahasha mikononi.

"Miezi mitano sijamtaja humu ndani," alisema hatimaye. "Nilidhani nikimtaja utalia."

"Mimi nilidhani nikimtaja wewe ndiye utalia, shangazi."

Basi wakalia wote wawili, bila haya, nguo zikiwa ndani ya beseni. Baadaye shangazi alipenga kamasi kwa kitambaa cha kazini, akasema kwamba baba yake alipenda uji wa asali kwa sababu alikuwa mbahili wa kununua sukari, wala si kwa jambo jingine lolote. Kabula akacheka huku bado analia. Alimsimulia shangazi habari za mbwa, na shangazi akamsimulia habari za mbwa aliyekuwepo kabla ya huyo. Jua likapanda, na shangazi ambaye alipaswa kuwa amelala alikuwa bado yupo kizingitini.

Kisha akakunja uso kidogo, kama afanyavyo mtu anayekaribia kuchoma sindano.

"Barua hii Jumatatu inarudi kwa mwalimu," alisema. "Kwa mkono wako."

"Hutaniombea msamaha wewe?"

"Nitakusindikiza mpaka kwenye lango la shule. Ya kusema ni yako, kwa sababu uliyosema mwanzo yalikuwa yako. Jina la babu yako uliliingiza wewe kwenye uongo, ulitoe wewe."

Jumatatu Kabula alisimama mbele ya meza ya Mwalimu Anselm kabla ya kengele ya kwanza. Aliiweka bahasha mezani ikiwa haijafunguliwa.

"Mwalimu, mwenye barua hii ni babu yangu mzaa baba," alisema. "Alifariki mwezi wa Novemba. Hakuwahi kuishi Ipuli."

Mwalimu alivua miwani. Hakugomba, na Kabula aliona afadhali angegomba.

"Niliona jina la Lugembe kwenye rejista, mwishoni mwa jina lako," alisema. "Nikadhani mnatoka ukoo mmoja tu. Nilipaswa kuuliza, nami sikuuliza." Akaisogeza bahasha pembeni kwa heshima. "Maneno uliyoleta hayana kosa. Lakini mimi sikuwatuma maneno tu. Niliwatuma mtoke nje mkasalimiane na watu. Wewe hukutoka."

"Niliogopa, mwalimu."

"Hilo ungeniambia. Kuogopa si kosa, ningekutafutia mwenzako wa kwenda naye. Badala yake ukamsimamisha babu yako mtaani kwa watu wasiomjua, ukamtaja kwa anwani isiyo yake. Na yupo mtu aliye hai, Kabula, mwenye kiti ambacho umekikalia. Huyo ndiye anayekudai msamaha kuliko mimi."

Akatoa karatasi nyingine, akaandika barua mpya palepale, akaitia kwenye bahasha. Juu yake akaandika: *Bi Mwanamkuu, Ipuli, Tabora*. Alisema maneno sita ya Kabula yatafutwa kwenye alama zake, na kwamba kabla ya muhula kwisha ataleta mengine sita kutoka kwa watu sita walio hai. Lakini kwanza awaambie wenzake ukweli.

Kabula aliwaambia. Lafudhi yake ya Bukene ikatoka yote, asiweze kuificha. Mvulana mmoja wa nyuma alianza kucheka, akaona wengine hawacheki, akaacha. Shamila alikuwa ameinamia dawati, hakunyanyua macho mpaka Kabula alipokaa.

Jioni walikwenda pamoja kupeleka barua, kwa sababu Shamila ndiye aliyeijua nyumba.

"Uliniumiza," Shamila alisema walipovuka barabara kubwa. "Ilibidi nikamwambie ameshindwa. Alikuwa ameshachemsha rangi ya ukindu."

"Najua. Samahani."

"Kwa nini hukusema tu kwamba huna mtu wa kumwuliza? Ningekuchukua."

"Ningesemaje kwamba sina mtu?" Kabula alisema. Shamila alimtazama, akapunguza mwendo ili watembee sawa.

Waliingia mtaa ambao Kabula aliujua, wakapinda kona aliyoijua, wakapita ule mlingoti wa umeme ulioinama. Shamila akasimama mbele ya baraza iliyokuwa hatua kumi kutoka kwenye geti lao. Bibi jirani alikuwa juu ya kigoda chake, magoti yamefunikwa na ukindu.

"Bibi, shikamoo," Shamila alisema. "Nimekuja na mgeni."

"Marahaba, mjukuu wangu." Bi Mwanamkuu alimwangalia Kabula kuanzia viatu hadi kichwani. "Huyu si mgeni. Huyu ni wa nyumba hii ya muuguzi. Ila jina lake silijui, na uso wake leo ndiyo nauona vizuri. Nimezoea kuuona mgongo."

Vicheko vya Jumatano vilikuwa vya hapa. Kabula alielewa hilo palepale, na aibu ikampanda hadi masikioni. Shamila alikuwa akitembea kutoka Cheyo kuja kuomba maneno nyuma ya ukuta uleule ambao yeye alilala kando yake kila siku.

Alipiga magoti, kama wafanyavyo wasichana wa kwao mbele ya wazee, akatoa barua kwa mikono miwili. "Shikamoo, bibi. Ninaitwa Kabula. Kiti walichompa mtu mwingine kilikuwa chako. Mtu huyo hayupo. Ni babu yangu, na alishafariki. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Bi Mwanamkuu aliiweka barua pajani bila kuifungua. Alisuka vidole vitatu vya ukili kabla ya kusema.

"Basi nilishindwa na marehemu," alisema. "Si haba. Nilidhani nimeshindwa na mtu anayejua kuongea kuliko mimi, na hilo lilinikera." Shamila akacheka. Bibi hakucheka. "Kiti hakikuniuma sana, mwanangu. Kinachoniuma ni miezi minne. Mimi wanangu wako mbali, nawe nilikusikia ukifungua kufuli kila jioni, ukikohoa, ukiosha sahani moja. Nikisema, huyu mtoto atakuja tu. Hukuja. Tumekuwa wawili tulio peke yetu, na ukuta mmoja katikati."

"Nilidhani mtanicheka, bibi."

"Tungekucheka, ndiyo. Mwaka niliokuja kuolewa hapa nikitokea Ujiji walinicheka hadi nikazoea. Kisha wakaniuliza nimekula nini." Alijisogeza kigodani, akaonyesha jamvi. "Kaeni. Hizi mnazoziona ni chane. Ukindu ukishakauka unauchana hivi, vipande vyembamba vinavyolingana. Ukichana ovyo, ukili unakwenda upande. Shika hapa."

Kabula alishika. Chane ya kwanza ilikatika, na ya pili pia. Ya tatu ilichanika hadi mwisho, na Bi Mwanamkuu akaipokea, akaisuka kwenye ukili wake pamoja na nyingine.

"Nipe na wewe moja," bibi alisema. "Hayo ya nyuki niliyasikia nusunusu kwa Shamila."

Kabula alisita. Lilibaki moja tu katika orodha. Kisha akasema, na alipokuwa anasema aligundua kwamba neno likitolewa halipotei.

"Chengo," alisema. "Ni kambi ya muda porini, wanapolala warina asali. Babu alisema mtu yeyote akifika chengoni jioni anapewa nafasi karibu na moto, hata kama hajulikani. Asubuhi ndipo anaulizwa jina."

"Naam," alisema Bi Mwanamkuu. "Basi hapa umefika jioni."

Siku ya Maneno Bi Mwanamkuu alikalia kiti cha mbele, na mkeka mpya ulitandikwa miguuni pake. Alizungumza muda mrefu kuliko aliopewa, na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Shangazi Imakulata alikuja akiwa na sare ya kazi, akakaa nyuma. Mwishoni Mwalimu Anselm alifungua daftari kubwa kwenye ukurasa mpya ambao juu yake aliandika *Maneno Tuliyoachiwa*. Alisema huo ni ukurasa wa watu ambao hatuwezi tena kuwaalika chai. Jina la kwanza lilikuwa hili: *Mzee Lugembe, mrina asali, Bukene. Alifariki Novemba. Maneno yake yamepokewa na mjukuu wake, Kabula.* Chini yake maneno yote saba, na *chengo* la mwisho. Wanafunzi wengine wanne waliomba kalamu wakaandika majina ya watu wao.

"Kabula alitukosea, akakubali mbele yetu, na akaleta maneno mengine sita kutoka kwa watu sita walio hai," mwalimu aliwaambia. "Nataka mkumbuke alichojifunza kwa tabu, msije mkajifunza kwa tabu ileile. Aliye na upweke asitengeneze watu wa uongo ili aonekane ana watu. Aseme ukweli kwamba yuko peke yake, kisha asimame mahali amsalimie mtu, na asubiri ajibiwe. Na ninyi mlio na watu wengi, mmeishi na mwenzenu miezi minne mkimwita kwa jina la kituo cha treni. Nanyi kazi yenu mnayo."

Jioni ile Shangazi Imakulata alikuwa na zamu, na nyumba ilikuwa tupu kama siku nyingine. Kabula aliifikia kona, akaona kufuli likining'inia getini, na ule uzito wa kila siku ukamjia kifuani. Haukuwa umeondoka, ulikuwa umepungua tu. Hakutoa ufunguo. Alisimama mbele ya baraza, viatu vyote viwili vikimwelekea bibi.

"Shikamoo, bibi," alisema, akasubiri.

"Marahaba, Kabula," Bi Mwanamkuu alijibu. "Umekula nini?"